Nani atamfunza mwalimu wa awali kumtoa mtoto nje?

MJI wa Same umekaa mahali ambapo miji mingi nchini ingetamani kukaa. Upande mmoja imesimama milima ya Upare, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Shengena, kinafikia mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Upande mwingine, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, lipo lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 3,245. Katikati inapita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, pamoja na reli ya zamani ya Tanga.

Hata hivyo, mtoto wa miaka mitano anayelelewa mjini hapo anaweza kuanza na kumaliza mwaka wake wote wa elimu ya awali bila mwalimu kumwonyesha hata mti mmoja na kumtajia jina lake. Anaingia darasani asubuhi, anaimba, anahesabu kwa sauti pamoja na wenzake, ananakili herufi zilizoandikwa ubaoni, anakunywa uji pale ambapo uji upo, kisha anarudi nyumbani. Uwanja wa shule, kama ulivyo katika miji mingi ya ukanda mkavu, ni udongo uliofagiliwa ukabaki mtupu. Mlima anauona kila siku, lakini kwake ni kama picha iliyotundikwa ukutani.

Suala hili linaweza kuonekana dogo mbele ya upungufu wa madawati, vyoo na walimu. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 34.9 ya Watanzania wanaishi mijini, kutoka asilimia 29.1 mwaka 2012, na sehemu ya ongezeko hilo iko katika miji midogo ya barabarani kama Same, Mwanga, Hedaru na Makanya. Watoto wa miji hiyo si wa shamba tena, lakini pia hawana bustani za umma wala viwanja vya kuchezea vilivyotengwa na halmashauri. Wamepoteza cha kijijini kabla ya kupata cha mjini.

Aliyebaki kati yao na mazingira ni mwalimu wa awali. Swali ni nani amemwandaa mwalimu huyo kwa kazi hiyo.

Kwa upande wa karatasi, Serikali haidaiwi kitu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali rasmi, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja. Mtaala wa mwaka 2016 uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania ulijengwa juu ya umahiri wa aina sita, mmoja wao ukiwa ni kutunza mazingira na mwingine ukigusa sanaa na michezo. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 haukuuacha mwelekeo huo. Nyaraka hizo zinamtaka mwalimu afundishe kwa njia ya michezo na atumie vitu vinavyopatikana katika mazingira ya shule. Kwa maana hiyo, mwalimu anayewaketisha watoto chini ya mkwaju wapange mbegu kwa ukubwa wake hakiuki mtaala hata kidogo. Anautekeleza.

Tatizo linaanzia mlangoni mwa darasa. Ada zilipofutwa katika elimu ya msingi, uandikishaji wa awali nchini uliruka kutoka watoto takriban milioni 1.07 mwaka 2015 hadi takriban milioni 1.56 mwaka 2016. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Hali halisi katika shule za Serikali kwa miaka iliyofuata ilikuwa mwalimu mwenye sifa mmoja kwa watoto zaidi ya 100. Mtu mzima mmoja akiwa na watoto 100 wa miaka mitano, na barabara kuu ikipita karibu, hahitaji kuambiwa na mtu kwamba ni salama zaidi kuwafungia ndani.

Msongamano hauelezi kila kitu, hata hivyo. Zipo shule binafsi mijini zenye watoto 20 darasani na walimu wawili, na watoto hao nao hawatoki. Wakitoka, wanakwenda kwenye bembea mbili za chuma zilizopakwa rangi kali, kwa zamu, dakika 20, kisha wanarudi kwenye daftari. Kwa hiyo lazima kuna jambo jingine.

Jambo hilo liko katika historia ya neno “nje” ndani ya shule za Tanzania. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule iwe na shamba na mtoto ajifunze kwa kufanya kazi. Lilikuwa wazo lenye heshima yake. Lakini kadiri miaka ilivyopita, katika shule nyingi shamba na uwanja viligeuka kuwa mahali pa kazi za kulazimishwa na pa adhabu. Aliyechelewa alifyeka majani. Aliyepiga kelele alichota maji ya kumwagilia maua. Waliofeli waliokota takataka. Mwalimu wa leo mwenye miaka 35 au 40 alilelewa katika shule ya namna hiyo, na chuoni hakufundishwa namna nyingine. Unapomwambia awapeleke watoto nje, picha inayomjia ni ya paredi, fagio na jembe. Mti kwake ni kitu cha kumwagiliwa kwa zamu, na majani makavu ni uchafu unaosubiri kuokotwa kabla mwalimu mkuu hajapita.

Hapo ndipo mafunzo ya walimu yanapokosea njia mara kwa mara. Semina huandaliwa ukumbini, washiriki hupewa kalamu na daftari, mwezeshaji huonyesha slaidi kuhusu umuhimu wa michezo kwa ukuaji wa ubongo, chakula cha mchana huliwa, posho hulipwa, na kila mmoja huondoka akikubaliana na kila kilichosemwa. Jumatatu inayofuata darasa liko vilevile. Mwalimu ameongezewa maneno, hajaongezewa uzoefu. Hajawahi yeye mwenyewe kuchuchumaa kwenye udongo na kundi la watoto kwa nusu saa akawaangalia bila kutoa amri.

Kazi ya mtu mzima katika mchezo wa mtoto mdogo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Akiingilia sana, mchezo unakuwa somo na watoto wanaanza kumtazama usoni ili wajue jibu. Akijitoa kabisa akakaa na simu yake kivulini, wenye nguvu wanawanyang’anya wanyonge, na mtoto mwoga anabaki pembeni mwaka mzima. Kati ya hayo mawili kuna ujuzi wa kutazama, kungoja, kuuliza swali moja tu kwa wakati wake, kisha kunyamaza. Ujuzi huo haufundishwi kwa slaidi. Unafundishwa kwa mwalimu kukaa karibu na mwalimu mwingine anayeujua, siku baada ya siku, kama fundi anavyomfunza mwanagenzi wake.

Na vitu vya kuanzia vipo tele. Chukua mdako, mchezo ambao kizazi kilichopita kiliucheza karibu kila mtaa. Mtoto anachimba kishimo, anajaza vijiwe, anarusha kimoja juu, na kabla hakijaanguka anavitoa vingine kwa mkono uleule na kuvirudisha huku akibakiza kimoja. Akivuka hatua hiyo anabakiza viwili, kisha vitatu. Ndani ya mchezo huo kuna kuhesabu, kutoa, kukadiria muda, kuratibu jicho na mkono, na kukubali kushindwa mbele ya wenzako. Mwalimu anayetafuta zana za umahiri wa hisabati anauliza zitanunuliwa lini, huku zana zenyewe zimetapakaa uwanjani na mafundi wa mchezo wenyewe wakiwa mabibi wa watoto hao.

Vivyo hivyo kwa kombolela, kwa gari la makopo, kwa mpira wa makaratasi, kwa nyumba za udongo wakati wa masika. Ukanda wa chini wa Same una mibuyu, migunga na mikwaju. Buyu moja lililopasuliwa linatoa mbegu za kuhesabia kwa darasa zima, kifuu cha kupimia mchanga na maji, nyuzi za kuvuta na unga wa kuonja. Hakuna kiwanda kinachouza kifurushi cha namna hiyo, na kama kingekuwepo shule nyingi zisingemudu bei yake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya Wazungu wenye muda. Ni kweli kwamba nchi za Skandinavia zina shule za awali za msituni tangu miaka ya 1950 na kwamba utafiti mwingi unatoka huko. Mmoja unaotajwa sana ni wa Finland, uliochapishwa mwaka 2020, ambapo viwanja vya vituo vya kulelea watoto mijini viliwekwa udongo na mimea ya msituni mahali palipokuwa na changarawe. Walihusika watoto 75 wa miaka mitatu hadi mitano, na baada ya siku 28 wale waliocheza kwenye viwanja hivyo walionyesha ongezeko la aina za bakteria wa ngozini pamoja na mabadiliko mazuri katika viashiria vya kinga ya mwili. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2019 likitaka watoto wa miaka mitatu na minne wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, na wasizidishe saa moja mbele ya skrini.

Lakini mtoto wa Same si mtoto wa Finland, na udongo wa Same si udongo wa Finland. Huku kuna minyoo, kuna pepopunda, kuna nge na nyoka. Utafiti wa nchi yenye baridi hauwezi kubebwa mzima ukamwagwa kwenye uwanja wa ukanda mkavu. Kinachoweza kuchukuliwa ni swali lake, majibu yakatafutwa hapa.

Tena Upare haukungoja Ulaya kujua kwamba msitu unafundisha. Mshitu, jando la zamani la Wapare, lilifanyika msituni, na huko vijana walifunzwa mila, historia na adabu za jamii yao. Yalikuwa mafunzo ya wakubwa, yenye siri na ukali ambao hakuna mzazi wa leo angeutaka kwa mtoto wa miaka mitano, na hakuna anayependekeza kuyarudisha. Yanatajwa kwa sababu moja tu: mwalimu atakayeambiwa kwamba kujifunza chini ya miti ni jambo la kigeni ana haki ya kutabasamu.

Afrika Mashariki ina pia mifano ya karibu zaidi ya kuwafunza walimu. Mpango wa shule za awali za madrasa, uliosaidiwa na Aga Khan Foundation, ulianza Mombasa katika miaka ya 1980 na baadaye ukaenea Zanzibar na Uganda. Ulichukua wanawake kutoka katika jamii zenyewe, wengi wao wakiwa hawana cheti cha ualimu, ukawafunza kwa vitendo na kuwafuatilia shuleni kwao, huku vifaa vya kuchezea vikitengenezwa kwa makombe ya pwani, vifuu, mbegu na mabaki ya nguo. Kilichoupa mpango huo uhai mrefu zaidi ya wafadhili wake wa kwanza ni ule ufuatiliaji. Mkufunzi alirudi, akaketi nyuma ya darasa, akarudi tena.

Karibu na nyumbani zaidi, mpango wa Fursa kwa Watoto ulifanya kazi katika shule za awali za mikoa ya Kilimanjaro na Mwanza katika muongo uliopita, ukisimamiwa na Children in Crossfire pamoja na mashirika ya ndani, likiwamo Maarifa ni Ufunguo. Uliwafunza walimu na kuwashirikisha wazazi na uongozi wa shule. BRAC nayo ilianzisha vituo vya michezo katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, ikiwatumia wasichana wa mitaa husika kama viongozi wa michezo. Mipango yote hiyo iliithibitishia nchi kwamba mwalimu wa kawaida, mwenye mshahara wa kawaida, anaweza kubadilika. Haikuthibitisha kwamba mabadiliko hayo yanabaki mradi unapofunga ofisi, na historia ya miradi ya elimu nchini haitoi sababu kubwa ya matumaini.

Kwa sababu hiyo macho yanapaswa kuelekezwa kwenye mfumo wa Serikali wenyewe kuliko kwenye mradi mwingine. Mfumo huo upo, nao unaitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji, hujadili ugumu wa somo fulani na kusaidiana. Kwa muundo wake, huu ndio mlango unaofaa kuliko yote kwa kazi ya mchezo wa nje, kwa sababu haumwondoi mwalimu katika mazingira yake. Jumuiya ya ujifunzaji ya shule iliyoko Same mjini inaweza kutumia vikao vyake vya muhula mmoja kuukagua uwanja wake yenyewe: kivuli kiko wapi saa nne asubuhi, maji ya mvua yanapita wapi, mtoto akijificha anaonekana kutoka wapi, mti upi unapandika na upi utavunjika tawi.

Hatari ni kwamba jumuiya hizo zitamezwa na mada za madarasa ya mitihani, na mwalimu wa awali atakaa kikaoni akisikiliza namna ya kufundisha sehemu za desimali. Katika shule nyingi bado yeye ndiye anayehesabiwa wa mwisho. Darasa lake hupewa aliyekaribia kustaafu, au aliyerudi kutoka likizo ya uzazi, au mwalimu wa kujitolea ambaye hajui atalipwa lini. Mtu asiye na sauti katika chumba cha walimu hawezi kudai mti usikatwe ili kupisha tanuri la matofali.

Mafunzo yoyote yanayostahili jina hilo hayawezi kukwepa suala la usalama, na ndilo linalowatisha walimu kuliko jingine lolote. Mtoto akivunjika mkono darasani ni bahati mbaya. Akivunjika mkono mtini, mwalimu ana kesi ya kujibu: kwa mzazi, kwa mwalimu mkuu, pengine kwa polisi. Hofu hiyo ni ya haki, na haiondolewi kwa hotuba. Inaondolewa kwa ujuzi na kwa makubaliano ya mapema na wazazi.

Ujuzi wenyewe ni wa mahali. Mwalimu lazima ajue kwamba utomvu wa mnyaa, mmea unaopandwa sana kama ua wa nyumba, unaunguza macho vibaya, na kwamba mbegu za mbono kaburi, ambazo mtoto anaweza kuzidhania karanga, ni sumu. Lazima ajue kupita uwanjani kabla ya watoto, akigeuza mawe na kutikisa matawi makavu. Lazima ajue kwamba maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho, na kwamba kwenye maeneo yanayopakana na Mkomazi tembo huvuka mipaka na kuingia mashambani, hivyo matembezi ya alfajiri si ya watoto. Baada ya hapo anaweza kutofautisha hatari na ugumu. Nge ni hatari. Jiwe kubwa ambalo mtoto anataka kulipanda na anaogopa kidogo ni ugumu, nao una faida kwake. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo atapiga marufuku vyote viwili.

Vipo pia viatu, maji na sabuni. Kwa miaka mingi kunawa mikono kulikuwa anasa katika mji wa Same, ambako dumu la maji lilikuwa na bei yake. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaotoa maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya miaka mingi ya kuchelewa. Kwa shule zitakazofikiwa na bomba, kisingizio cha uchafu kimepungua nguvu, na hata kupanda miti ya kivuli kumekuwa jambo linalowezekana bila kumtwisha mtoto ndoo kichwani.

Wazazi nao wana neno lao. Mzazi wa mjini anapima shule ya awali kwa daftari. Mtoto akirudi na kurasa mbili zilizojaa herufi na alama nyekundu ya vema, ada imefanya kazi. Akirudi na goti lenye vumbi na mfuko uliojaa mbegu, mzazi anauliza siku hiyo walifundishwa nini. Si ujinga. Katika nchi ambayo mtihani mmoja umeamua maisha ya watu kwa vizazi kadhaa, na katika Upare, ambako familia zimekuwa zikiuza ng’ombe kusomesha watoto tangu enzi za shule za misheni, hofu ya mtoto kubaki nyuma ina mizizi mirefu. Mwalimu anayewatoa watoto nje bila kuwa na maneno ya kumweleza mzazi huyo atashindwa katika kikao cha kwanza. Kwa hiyo mafunzo yanapaswa kumpa pia lugha: amwonyeshe baba kwamba vidole vilivyofinyanga udongo ndivyo vitakavyoshika kalamu, na kwamba hesabu ya mdako ni hesabu.

Anayehitaji kufunzwa kabla yao wote, pengine, ni mthibiti ubora wa shule. Akifika akakuta darasa tupu na watoto wako chini ya mti, ataandika nini katika taarifa yake? Kama ataandika kwamba hapakuwa na somo, basi hata semina elfu hazitasaidia.

Kwa watu wa Same suala hili lina uzito usiopatikana katika vitabu vya malezi. Usiku wa mvua kubwa Novemba 2009, mlima uliporomoka katika kijiji cha Goha, eneo la Mamba Miamba, na kuua zaidi ya watu 20, watoto wakiwamo. Juu yake, msitu wa Chome unaoizunguka Shengena ndio chanzo cha mito inayowanywesha watu wa milimani na wa tambarare, na kwa miongo kadhaa umeibiwa miti, hasa mkulo, ambao mbao zake zina soko. Ndani yake yumo ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Upare Kusini. Mtoto wa mjini Same atakuwa mpigakura, diwani, mfanyabiashara wa mbao au ofisa wa halmashauri. Atakapoamua kuhusu msitu huo, ataamua kuhusu kitu anachokijua au kuhusu jina tu.

Jitihada zilizopo za elimu ya mazingira zimewaelekea zaidi wakubwa. Mpango wa Rafiki wa Faru umekuwa ukiwabeba kwa basi wanafunzi wa shule zinazoizunguka Mkomazi kwenda kuwaona faru weusi, ambao baadhi yao waliletwa kutoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1997 na wengine baadaye kutoka Jamhuri ya Czech na Uingereza. Roots & Shoots, iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, nayo ilianza na wanafunzi wa sekondari. Ni kazi nzuri. Lakini kijana wa kidato cha pili hufikiwa kwa hotuba na takwimu, ilhali mtoto wa awali hufikiwa kwa mikono na miguu, na hahitaji faru. Siafu wanatosha.

Wala hahitaji safari ndefu. Milimani kuna ndiva, malambo ya asili ambayo Wapare wamekuwa wakiyatumia kwa vizazi kukusanya maji ya kijito usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi, kama ile ya Manoo katika eneo la Bangalala. Watoto wa awali hawapaswi kusogezwa ukingoni mwa ndiva yenyewe. Lakini mwalimu aliyemwalika mzee mmoja wa kamati ya maji aje uwanjani, akachimba na watoto ndiva ya urefu wa dhiraa mbili, akawaachia ndoo mbili za maji na asubuhi nzima ya kujenga, kubomoa na kugombana kuhusu zamu, ametoa somo la hisabati, la uraia na la mazingira kwa mpigo. Gharama yake ni ndoo mbili za maji na heshima kwa mzee.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilipangwa kufikia mwaka wa fedha 2025/26 na iliziagiza halmashauri kuweka suala la watoto wa miaka sifuri hadi minane katika mipango na bajeti zao. Tanzania pia iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ambao ibara yake ya 31 inaitaja haki ya kucheza. Utekelezaji katika halmashauri hupimwa kwa vitu vinavyohesabika: vyumba vya madarasa, matundu ya vyoo, madawati. Mwalimu aliyejifunza kungoja hahesabiki kwa urahisi, na kivuli cha mti hakina namba ya stakabadhi.

Halmashauri ya Wilaya ya Same inaweza kuanza bila kusubiri mfadhili. Ina shule zake mjini, ina maofisa elimu kata, ina walimu waliokulia milimani wanaoijua miti kwa majina ya Kipare na ya Kiswahili, na ina majirani wawili wenye wataalamu wa kazi hiyohiyo, yaani hifadhi ya Mkomazi na msitu wa Chome. Kinachotakiwa kwanza ni waraka wa ukurasa mmoja utakaowaambia walimu wakuu na wathibiti ubora kwamba saa moja ya kila siku ya darasa la awali ni ya nje, na kwamba mwalimu aliyefuata taratibu za usalama zilizokubaliwa na wazazi hataachwa peke yake mtoto akichubuka goti.